Kutulia Siyo Presha Kushuka

"Punguza mawazo." Katika mimba yangu ya pili niliambiwa hivyo na mama, na mume wangu, na jirani anayeuza mkaa, na dereva wa bajaji aliyekuwa akinipeleka shuleni, hata na mwalimu mwenzangu ambaye tulikuwa hatuelewani vizuri. Hakuna hata mmoja aliyenieleza yanapunguzwa vipi. Na mawazo yangu hayakuwa ya kuokota njiani. Yalikuwa na kaburi lake, Muheza, pembeni mwa shamba la bibi, chini ya mchungwa.

Mtoto wangu wa kwanza alifia tumboni mimba ikiwa na miezi saba, baada ya presha kupanda ndani ya siku chache. Nilikuwa na miaka 28. Nilitoka hospitali nikiwa na maziwa kifuani na mikono mitupu, na kwa miaka mitano nilikuwa nikimwona mama aliyembeba mtoto mgongoni, navuka barabara. Niliposhika mimba tena nilifurahi usiku mmoja. Kuanzia asubuhi yake niliogopa.

Nilichelewa kwenda kliniki, na makosa yangu yalianzia hapo, kabla hata sijagusa dawa ya majani. Nilianza mimba ikiwa na wiki 22. Moyoni nilikuwa nasema nisipopimwa, hakitaonekana kitu. Baadaye daktari alinieleza nilichokikosa: mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba kama yangu huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo kila siku kuanzia wiki ya 12, na inafaa zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Sababu ni kwamba kondo la nyuma hujijenga mapema, na likijijenga vibaya, kasoro yake huja kuonekana miezi ya mbele ikiwa presha. Na pale ambapo chakula cha watu kina kalsiamu kidogo, mjamzito huongezewa vidonge vya kalsiamu. Vidonge hivyo vya aina mbili havina gharama kubwa. Mimi nilivikosa kwa kujificha.

Siku hiyo ya kwanza nilipimwa, ikasoma 148/96. Nesi akanikalisha kwenye benchi chini ya mwarobaini, akanirudia mchana: 146/94. Ikifika 140/90 au zaidi, mara mbili, kwa kupishana angalau saa nne, mjamzito anahesabiwa kuwa ana presha. Mkojo wangu haukuwa na protini, ambayo ni dalili ya ugonjwa kuzidi, kwa hiyo nikapewa metildopa, dawa ya kushusha presha, kidonge asubuhi, mchana na usiku, na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili.

Vidonge vile vilinilegeza. Mdomo ulikauka, na vipindi vya mchana nilifundisha nikiwa nimeegemea meza. Ajabu ni kwamba usingizi wa mchana ulikuwa mwingi lakini usiku ulikimbia. Saa nane usiku nilikuwa macho, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Nilikuwa nakwenda jikoni, nachota maji ya mtungini kwenye bilauri ya bati, naiweka juu ya tumbo nikisubiri mtoto ashtuke kwa ubaridi. Akicheza, nalala nusu saa. Asipocheza upesi, namwamsha mume wangu aweke sikio. Hayo niliyafanya usiku baada ya usiku, na kliniki sikumwambia mtu, kwa kuwa kliniki niliulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho, mimba ya ngapi, natumia chandarua au la. Hofu haikuwa na nafasi yake kwenye kadi.

Bibi alipopata habari alinitumia fungu la mchaichai na mrehani kutoka shambani. Nichemshe kikombe kimoja jioni, ninywe kikiwa cha moto, nilale. Nilikunywa, na harufu yake peke yake ilinirudisha utotoni. Laiti ningeishia hapo.

Shoga yangu mmoja, kwa mapenzi tu, akaniletea kopo. Lilikuwa kopo jeupe la plastiki lenye karatasi ya kijani iliyobandikwa upande upande. Liliandikwa kwamba unga ule hushusha presha, huondoa wasiwasi, husafisha kizazi, hutibu vidonda vya tumbo na huongeza nguvu za kiume. Halikuwa na orodha ya majani yaliyomo, wala namba ya usajili, wala tarehe. Siku hizi nikiona kopo moja linatibu kizazi cha mwanamke na nguvu za mwanaume kwa kijiko kilekile, nalirudisha mezani. Wakati ule niliona neno "wasiwasi" tu. Lilikuwa neno langu, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeniandikia dawa yake.

Kijiko kimoja cha chakula kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni. Unga ulikuwa wa kahawia, wenye nyuzi za manjano, na ulikuwa mtamu bila sukari. Siku ya tatu nililala mpaka adhana ya alfajiri. Siku ya tano nilicheka darasani. Mwili ulikuwa mwepesi, moyo umetulia, na bilauri ya bati ikarudi kabatini.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu iliyokaribia kuniua. Nilisema: presha inaletwa na mawazo, mawazo yamepungua, kwa hiyo presha imeshuka. Lugha yetu yenyewe inatusukuma kufikiri hivyo. Mtu akikuudhi unamwambia "usinipandishe presha." Mechi ikiwa ngumu tunasema ina presha. Hofu, hasira na ugonjwa tumevitia kwenye neno moja, nami nikaamini ni kitu kimoja. Kumbe presha ya hospitali ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, na mtu anaweza kuwa nayo 170 huku anapika chapati na kuimba. Hofu huipandisha kwa muda, ni kweli. Lakini ile inayotokana na kondo la nyuma haina habari na utulivu wako. Niliacha metildopa kwa kuwa ilinilegeza, nikabaki na kopo. Na siku ya kliniki ilipofika sikwenda. Nilijiona nimepona.

Kuna sababu nyingine ya kutokwenda. Siku ile ya kwanza, kwenye foleni, nesi mmoja alimfokea mama mwenzetu mbele yetu sote baada ya kukuta kamba nyeusi kiunoni mwake. "Nyie na mizizi yenu mtakuja kufa!" Yule mama alikuwa msichana wa miaka kama 19, aliinamisha kichwa mpaka zamu yake ikaisha. Nesi alikuwa na uchungu wa haki, naamini aliwahi kuona vifo. Ila sisi wengine kwenye benchi tulijifunza somo moja tu: hapa hapasemwi kitu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kelele moja ilifunga midomo ya wanawake wasiopungua 20.

Ilikuwa Jumapili, wiki ya 32. Kichwa kilikuwa kinanigonga kwenye paji tangu Ijumaa na parasetamoli haikukigusa. Pete ya ndoa ilikuwa imegoma kutoka, nikadhani ni joto la Tanga. Uso ulikuwa umejaa, na jirani alinisifia kwamba mimba imenikubali. Mchana nikakaa kusahihisha madaftari. Mistari ya daftari ikaanza kucheza, kisha vikaja vimulimuli, kama mtu anachomelea vyuma pembeni mwa jicho langu la kulia. Halafu maumivu chini ya chembe cha moyo, upande wa kulia wa mbavu. Nikasema ni vidonda vya tumbo. Kopo si liliandikwa linatibu vidonda vya tumbo? Nikachota kijiko kingine.

Mume wangu alinikuta natapika. Hakuuliza kitu, alisimamisha bajaji.

Mashine ilisoma 172/114. Mkojo ulikuwa na protini plasi tatu. Kwa mjamzito, 160/110 na kuendelea ni dharura, haisubiri kesho. Sikumbuki nyuso za watu, nakumbuka mikono. Mmoja alinifunga dripu, mwingine akanichoma sindano ya kushusha presha, mwingine akanidunga magnesia: kwanza ya mshipa, iliyonimwagia joto kuanzia kooni mpaka nyayoni kama nimelowekwa kwenye maji ya moto, kisha mbili za nyama, kila tako moja, ambazo uchungu wake bado naukumbuka. Dawa ile haikuwa ya presha. Ilikuwa ya kunizuia nisipate kifafa cha mimba. Nimekuja kusoma kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa nusu. Usiku kucha nesi alikuwa akija kunigonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira na kupima mkojo uliotoka, kwa sababu magnesia ikizidi, goti huacha kuruka, halafu pumzi hufuata.

Nawasihi akina mama wa pwani kwa jambo moja hapa. Mjamzito akianza kukakamaa na kutupa mikono, au akipata vimulimuli na kichwa kisichosikia dawa, msimpeleke kwanza kupunga pepo. Mbebeni hospitali hivyohivyo. Dua inasomeka hata ndani ya bajaji.

Asubuhi daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mwalimu," akaniambia, "unatumia kitu kingine chochote? Sikugombezi. Nataka kujua nipambane na nini." Swali hilo, kwa sauti hiyo, ndilo nililolihitaji wiki kumi nyuma. Mume wangu alikwenda nyumbani akalileta kopo.

Daktari alimwaga kidogo kwenye karatasi, akauvuruga unga kwa ncha ya kalamu, akachambua zile nyuzi za manjano, akaonja moja. "Urukususi," akasema. Ni mzizi mtamu unaouzwa kwenye maduka ya dawa za Kiarabu, watu huutafuna kwa kikohozi na tumbo. Kumbe mzizi huo unaufanya mwili uzuie chumvi na maji na kupoteza potasiamu, na ukitumika sana unapandisha presha hata kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Huko Ufini, ambako watu wanapenda sana peremende zake, wajawazito wanashauriwa wajiepushe nazo. Mimi nilikuwa nautumia mara mbili kwa siku, kijiko cha kujaa, ili presha ishuke. "Sisemi kopo ndilo lililokuletea ugonjwa," daktari aliniambia. "Ulikuwa nao. Lakini lilikuondoa kwenye dawa, likakuondoa na kliniki."

Tulizungumza mengi siku ile, na nilimuuliza kila jani nililowahi kuambiwa. Rosela, ambayo wengine huiita choya, inaweza kushusha presha kidogo kwa mtu wa kawaida, lakini usalama wake kwa mwenye mimba haujathibitishwa, na hakuna kikombe cha rosela kinachoweza kusimama mahali pa dawa presha ikifika 170. Majani ya mlonge yakipikwa kama mboga ni chakula; mizizi na magome yake ni jambo jingine kabisa, wajawazito wakae nayo mbali. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, ila vidonge vyake vilivyokolezwa vinaweza kuifanya damu isigande upesi, na mtu anayeweza kuingia chumba cha upasuaji wakati wowote hapaswi kuvimeza kimyakimya. Nilianza kuelewa kwamba jina la mmea peke yake halitoshi. Ni sehemu gani ya mmea, kiasi gani, na pamoja na dawa gani.

Na wala si majani tu. Mama yangu ana presha, na mara mbili alikuwa amenisukumia vidonge vyake vya losatani akisema presha ni presha. Namshukuru Mungu sikuvimeza. Losatani, kaptopili, enalapili na jamii yake huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Dawa ya presha ya mama mkwe, ya jirani, ya mjomba, si yako ukiwa na mimba.

Nesi wa zamu ya usiku alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aligundua kwamba kila akija na mashine mkono wangu unatetemeka. Akaketi. "Mama, unaogopa nini hasa?" Nilifungua mdomo kusema naogopa kufa, nikajikuta namweleza habari za mchungwa wa Muheza. Sikuwa nimemweleza mtu kwa miaka mitano. Hakuniambia nipunguze mawazo. Aliniambia hofu ya namna ile, inayokunyima usingizi wiki baada ya wiki, ni ugonjwa wenye tiba, kuna ushauri nasaha na kuna hata dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia mjamzito. Kisha akaigeuza mashine, kioo kikatazama ukuta. Tukaanza kupima kwa utaratibu wake: niende kwanza haja ndogo, nikae dakika tano nimeegemea, miguu miwili chini bila kupishanisha, mkono uwe usawa wa moyo, nivute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi, bila mazungumzo. Anaandika, anaondoka. Sikuiona namba mpaka nilipoiomba mwenyewe. Mkono uliacha kutetemeka usiku wa pili.

Walinichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na baada ya siku mbili nikafanyiwa upasuaji, maana tiba ya ugonjwa huu ni kondo la nyuma kutoka. Binti yangu alizaliwa na kilo 1.6. Alilia kwa sauti ndogo kama ya paka, nami nikalia kwa kubwa. Tulikaa wodini wiki tatu, yeye kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga, kofia ya sufu kichwani. Siku ya nne baada ya kujifungua presha ilipanda tena. Wengi hawajui kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto akiwa ameshatoka. Niliendelea na vidonge na kupimwa kwa wiki sita, na mpaka leo napima kila baada ya miezi michache, kwa sababu aliyepitia njia hii moyo wake unabaki kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wenzake. Kwa mazungumzo nilikwenda kwa mshauri mara saba. Hayo ndiyo yaliyoupunguza ule woga wa saa nane usiku.

Nilipokwenda Muheza kumwonyesha bibi mtoto, nilimweleza habari ya kopo. Alikasirika kuliko daktari. "Mimi nilikupa majani ya kunywa kikombe kimoja. Nani alikupa mizizi? Mwenye mimba hapewi mizizi, hilo hata mama yangu alilijua." Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Na mchaichai wangu ulimwonyesha daktari?" Nikasema hapana. "Ungemwonyesha. Kwani niliuiba?"

Mwaka jana binti wa dada yangu alishika mimba. Mama yake aliwahi kuwa na presha ya mimba, mimi ndiyo hii, kwa hiyo nilimpeleka kliniki mwenyewe, wiki ya 11. Njiani alinikiri kwamba anakunywa chai ya mchaichai kila jioni na kwamba usiku halali kwa woga, kwa sababu amekua akisikia hadithi yangu. Nikamwambia tupitie nyumbani kwanza. Tulichukua majani matatu, tukayafunga kwenye gazeti, tukayatia mkobani pamoja na kopo la vitamini alilonunua dukani.

Nesi alikuwa kijana. Alipouliza kama kuna dawa yoyote anayotumia, mtoto wa dada yangu alinitazama, nami nikatazama dirishani. Akafungua mkoba, akaweka gazeti mezani. Nesi akalifungua, akalinusa jani, akaligeuza kopo la vitamini na kusoma upande wa nyuma kwa muda mrefu. "Na usingizi?" akauliza. "Silali," akajibiwa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika hayo kwenye kadi. Akayaandika pembeni, kwa kalamu ya buluu, herufi ndogondogo zikipanda juu kufuata ukingo wa karatasi: mchaichai, kikombe kimoja jioni; ana hofu, halali; aonwe na daktari leo.